Picha inavyoshinda mtandaoni: Wenyeji wa Mlowo wana mtaji, wasome masharti

KILA siku malori ya mizigo yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Tunduma, na kutoka huko kuingia Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupita katikati ya mji mdogo wa Mlowo, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Wasafiri huuona mji huo kwa dakika chache tu: maduka yaliyojipanga kando ya barabara kuu, bodaboda zinazosubiri abiria, magunia ya mahindi yanayopakiwa. Kisha mji hubaki nyuma.

Kwa mwenye kamera, au hata simu ya mkononi inayopiga picha vizuri, mambo ni tofauti. Mbozi ni miongoni mwa wilaya zinazosifika kwa kahawa nchini. Reli ya TAZARA inakatiza humo ikielekea mpakani. Na katika wilaya hiyohiyo, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kuna Kimondo cha Mbozi, mojawapo ya vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani.

Vitu hivyo vyote sasa vina uwanja mpya wa kushindania: mashindano ya picha yanayoendeshwa kwa njia ya mtandao, ambayo kila awamu hupewa mada yake. Waandaaji hutangaza mada, washiriki hutuma picha kutoka popote walipo, majaji huzichuja, na mshindi hutangazwa bila mtu yeyote kulazimika kusafiri.

Wengi hushiriki na kushindwa bila kuelewa sababu. Wengine hushinda, kisha wakagundua baadaye kwamba waliikubali mikataba ambayo hawakuisoma. Ndiyo maana ni vyema kueleza jinsi mashindano hayo yanavyofanya kazi, ni picha za namna gani zinazoshinda, na ni jambo gani la kuangalia kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali.

Picha ni jibu la swali

Kosa la kwanza la washiriki wengi ni kudhani kwamba picha nzuri kuliko zote ndiyo itakayoshinda. Katika shindano lenye mada, picha hupimwa kama jibu la mtihani. Jibu linaweza kuandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, lakini kama halihusiani na swali, halipati alama.

Mfano ulio karibu na Watanzania ni shindano la Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014 na kuhusisha bara zima la Afrika. Picha zake hupakiwa katika hazina ya Wikimedia Commons, ambayo ndiyo chanzo cha picha nyingi zinazoonekana katika kamusi elezo ya Wikipedia, ikiwamo ya Kiswahili.

Mada ya mwaka 2014 ilikuwa mapishi. Mwaka 2015 ilikuwa mavazi na mapambo, mwaka 2016 muziki na ngoma, na mwaka 2017 watu wakiwa kazini. Mwaka 2019 mada ilikuwa michezo, mwaka 2020 usafiri, mwaka 2021 afya na ustawi, mwaka 2022 nyumba na makazi, na mwaka 2023 hali ya hewa na tabianchi.

Mtu akiisoma orodha hiyo huku akilifikiria shamba moja la kahawa la Mbozi, ataona jinsi mada inavyobadili picha. Tawi lililojaa kahawa mbivu nyekundu ni picha ya kupendeza, lakini halijibu swali la watu kazini. Mikono inayochuma, au watu wanaochambua kahawa kwenye vichanja vya kukaushia, hulijibu. Magunia ya kahawa hiyohiyo juu ya baiskeli hujibu swali la usafiri, na jani lililonyauka kwa kukosa mvua hujibu swali la tabianchi.

Shamba ni lilelile, na mpigapicha ni yuleyule. Kinachobadilika ni swali analojiuliza kabla ya kuinua kamera.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi katika shindano la picha za kuchekesha za wanyamapori, Comedy Wildlife Photography Awards, ambalo lina uhusiano na Tanzania. Lilianzishwa mwaka 2015 na wapiga picha wawili Waingereza, Tom Sullam na Paul Joynson-Hicks, na huyo wa pili amefanya makazi yake Tanzania kwa miaka mingi. Lengo lao lilikuwa kuvuta macho ya watu kwenye uhifadhi kwa njia ya kicheko.

Katika shindano hilo, simba dume mwenye manyoya ya kutisha, aliyesimama juu ya jabali wakati jua linachwa, hana nafasi kubwa. Mshindi wa mwaka 2022 alikuwa Jennifer Hadley wa Marekani, kwa picha aliyoipiga Serengeti. Mtoto wa simba mwenye umri wa miezi mitatu alijaribu kushuka mtini, akashindwa, akaporomoka. Picha ilimnasa akiwa hewani, miguu imetawanyika, macho yamemtoka. Hakuna anayehitaji maelezo ili acheke.

Mwaka 2025 ushindi ulirudi tena Afrika Mashariki. Mark Meth-Cohn wa Uingereza alishinda kwa picha ya sokwe mkubwa, yaani gorila, aliye bado kijana, ambaye aliinua mguu juu kana kwamba anacheza ngoma, katika milima ya Virunga nchini Rwanda.

Ukaribu ni mtaji

Mifano hiyo miwili ina jambo la kutafakari. Wanyama walikuwa wa Afrika Mashariki, na washindi walitoka mbali.

Hali kama hiyo ilitokea pia mwaka 2014 katika shindano la Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa na Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London na lenye historia inayoanzia mwaka 1965. Mshindi mkuu wa mwaka huo alikuwa Mmarekani Michael Nichols, kwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe ya simba majike watano wakiwa wamelala na watoto wao juu ya mwamba, Serengeti.

Lakini namna Nichols alivyoipata picha hiyo inamfaa mwenyeji kuliko mgeni. Alilifuata kundi hilo la simba, lililojulikana kwa jina la Vumbi, kwa takriban miezi sita, hadi simba wakamzoea. Ushindi wake ulitokana kwa sehemu kubwa na muda: alikaa mahali pamoja hadi akawa kama jirani.

Mgeni hulazimika kuununua muda huo kwa fedha nyingi. Mwenyeji anao tayari.

Kimondo cha Mbozi kinaonyesha maana ya maneno hayo. Ni pande la chuma lenye urefu wa takriban mita 3 na kimo cha mita 1. Uzito wake umekadiriwa kwa viwango tofauti, kati ya tani 16 na tani 25. Sehemu yake kubwa ni chuma, takriban asilimia 90, na inayobaki karibu yote ni nikeli. Hapo mwanzo kilikuwa kimezama ardhini kwa sehemu. Kilipochimbuliwa, udongo uliachwa katikati kama nguzo ya kukibeba, na handaki likabaki kukizunguka.

Mtalii hufika hapo mara moja katika maisha yake, mara nyingi jua likiwa la utosini. Husimama kando ya kimondo, hupigwa picha, huondoka. Ndiyo sababu picha nyingi za kimondo hicho hufanana: pande la chuma, mtu kando yake, kivuli kizito chini.

Jaji aliyekwisha kuona picha 20 za namna hiyo hatasimama kwenye ya 21. Mkazi wa Mlowo au wa kijiji cha jirani anaweza kufika alfajiri wakati ukungu wa nyanda za juu haujapanda, akarudi baada ya mvua chuma kikiwa kimelowa na kung'aa, akarudi tena jioni wakati mwanga wa pembeni unapoonyesha kila bonde na kila kovu juu ya uso wa kimondo. Anaweza kurudi mara 30 na gharama yake ikawa nauli ya bodaboda na kiingilio.

Aidha, mwenyeji anajua mambo ambayo mgeni hayajui: siku za mnada, mwezi ambao kahawa huiva, barabara ipi hugeuka tope wakati wa masika, mzee yupi bado anafua chuma. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika mashindano yenye mada, msemo huo una ukweli wa kiutendaji kabisa.

Historia ya kimondo chenyewe ina fundisho. Wenyeji wa Mbozi walikifahamu kwa vizazi vingi kabla ya mgeni yeyote kukisikia. Lakini vitabu huandika kwamba kilijulikana kwa ulimwengu mwaka 1930, kupitia W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg. Aliyekiandika ndiye aliyepewa jina. Picha nazo huenda kwa mkondo huohuo: anayeiweka hadharani ndiye anayesimulia mahali pale.

Majaji wanavyochuja

Mashindano makubwa hupokea maelfu ya picha, na hakuna jaji anayeitazama kila moja kwa dakika nzima. Kwa kawaida kazi hupita katika hatua kadhaa.

Hatua ya kwanza ni kuondoa picha zisizotimiza masharti: zilizotumwa nje ya muda, zilizo ndogo mno, zenye jina la mpigapicha lililobandikwa juu yake, au zisizohusiana na mada. Hapo ndipo wengi huangukia, na mara nyingi si kwa sababu ya upungufu wa kipaji.

Hatua ya pili ni kutoa alama. Kila jaji huangalia mambo matatu kwa pamoja: ubora wa kiufundi, upya wa jicho, na uzito wa jibu kwa mada. Picha iliyopata alama za wastani kwa kila jaji mara nyingi huishia hapo. Ile iliyomgusa jaji mmoja kwa nguvu huweza kupata mtetezi.

Hatua ya mwisho ni mjadala wa jopo juu ya picha chache zilizobaki. Katika shindano la Wiki Loves Monuments, ambalo lilianza Uholanzi mwaka 2010 na sasa huhusisha nchi nyingi duniani, kila nchi inayoshiriki huwa na jopo lake. Jopo hilo huchagua picha zisizozidi 10 na kuzipeleka kwa majaji wa kimataifa. Mada ya shindano hilo ni majengo na kumbukumbu za kihistoria, na nchi huingia pale wananchi wake wanaojitolea wanapoandaa orodha ya kumbukumbu hizo. Lile la Wiki Loves Earth, lililoanzia Ukraine mwaka 2013, hufuata utaratibu unaokaribiana nalo, ila mada yake ni maeneo ya asili yaliyohifadhiwa.

Kwa wanaotumia simu, yapo mambo madogo yanayoweza kuiokoa picha. Kioo cha kamera kifutwe kwanza, kwani alama ya kidole huleta ukungu. Mpigapicha asogee karibu kwa miguu yake badala ya kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo, kwa sababu kuvuta huko hupunguza ubora. Faili halisi ihifadhiwe kama ilivyotoka kwenye kamera.

Kosa linalowagharimu wengi ni kumtumia rafiki picha kwa WhatsApp ili aipakie kwa niaba yao. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na hupoteza taarifa za siku na saa ilipopigwa. Ikilazimu kutumia njia hiyo, itumwe kama waraka, si kama picha.

Si kila shindano lina majaji. Mengine humpa ushindi aliyepata kura nyingi mtandaoni. Katika hayo anayeshinda mara nyingi ni mwenye marafiki wengi, na mshiriki anapaswa kulijua hilo mapema. Vilevile, anayeombwa kutuma fedha kwa namba ya simu ili apokee zawadi aliyoambiwa ameshinda, ajue kwamba huenda anatapeliwa.

Ukweli wa picha

Picha inayoshinda huchunguzwa kuliko wakati wowote mwingine, kwa kuwa hutazamwa na watu wengi, wakiwamo wataalamu.

Mwaka 2009 Mhispania José Luis Rodríguez alitangazwa mshindi mkuu wa Wildlife Photographer of the Year kwa picha ya mbwa mwitu akiruka lango la mbao usiku. Januari 2010 alinyang'anywa ushindi, baada ya majaji kuona kwamba kulikuwa na uwezekano mkubwa kuwa mnyama huyo alikuwa amefugwa na kufundishwa. Mwenyewe alikanusha.

Mwaka 2018 Mbrazili Marcio Cabral naye alivuliwa ushindi wa kundi moja la shindano hilohilo. Wataalamu waliilinganisha picha yake ya mlasisimizi kando ya kichuguu na mnyama aliyekaushwa ambaye alikuwa akionyeshwa mlangoni mwa hifadhi, wakahitimisha kwamba ni yuleyule. Cabral pia alikanusha.

Siku hizi kumeongezeka swali la akili mnemba. Aprili 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliikataa tuzo aliyopewa katika mashindano ya Sony, akieleza kwamba picha yake ilitengenezwa na kompyuta na kwamba alitaka kuamsha mjadala. Juni 2024 mambo yaligeuka: Miles Astray alitwaa nafasi ya tatu katika kundi la picha za akili mnemba kwa picha ya kweli ya korongo mwekundu, flamingo, aliyeficha kichwa chake hata akaonekana hana. Naye aliondolewa, kwani picha halisi haikuwa na nafasi katika kundi hilo.

Funzo kwa mshiriki wa Mlowo ni rahisi. Kurekebisha mwanga na kukata pembeni kwa kawaida kunaruhusiwa. Kuongeza kisichokuwapo, au kuondoa kilichokuwapo, hakuruhusiwi katika mashindano mengi ya picha za maisha halisi. Anayehifadhi faili halisi, pamoja na picha zilizotangulia na zilizofuata, ana ushahidi wa kujitetea.

Haki ya mwenye picha

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha ni kazi inayolindwa, na kwa kawaida aliyeipiga ndiye mwenye haki. Ulinzi huo haumtaki asajili kwanza. Swali ni kiasi gani cha haki hiyo anachokitoa anapojiunga na shindano.

Masharti ya mashindano yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza, mwandaaji huomba ruhusa ya kuitumia picha kulitangaza shindano tu, na mpigapicha hubaki na haki nyingine zote. Hayo ndiyo masharti yanayompendelea zaidi.

Kundi la pili ni la leseni huria, kama ilivyo katika mashindano ya Wiki Loves. Mpigapicha hubaki mwenye picha, lakini humruhusu mtu yeyote duniani kuitumia, hata kwa biashara, mradi ataje jina lake na kuheshimu masharti ya leseni. Ruhusa hiyo ikishatolewa hairudishwi. Picha ya kimondo inaweza kuonekana kwenye kitabu cha shule, na pia kwenye tangazo la kampuni ya utalii, bila mpigapicha kulipwa chochote.

Hiyo si hila, kwa kuwa imeandikwa wazi, na wapo wanaoitoa picha kwa furaha ili sehemu yao ijulikane. Lakini anayetegemea kuuza picha kwa ajili ya riziki anapaswa kuamua kabla ni ipi atakayoitoa na ni ipi atakayoiweka.

Kundi la tatu ndilo la hatari. Hapo masharti husema kwamba picha zote zilizotumwa, za washindi na za walioshindwa, zinakuwa mali ya mwandaaji milele bila malipo. Mwandaaji wa namna hiyo hukusanya maelfu ya picha kwa bei ya zawadi moja. Sentensi hiyo haikosi kuwapo, ila huwekwa mwishoni ambako wengi hawafiki.

Watu walio ndani ya picha

Picha nyingi zinazoshinda zina watu ndani yake, na mtu si mandhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza uzito wa jambo ambalo adabu ililidai tangu zamani: kuomba ruhusa. Kwa mtoto, anayeombwa ni mzazi au mlezi.

Mama anayeuza ndizi sokoni Mlowo anaweza kukubali kupigwa picha na kijana anayemfahamu, bila kujua kwamba sura yake itaonekana duniani kote chini ya leseni isiyofutika. Ruhusa ya kweli ni ile inayotolewa baada ya kuelezwa hivyo. Maeneo ya kijeshi na ya ulinzi nayo hayapigwi picha, na mpakani Tunduma ni busara kuwauliza wahusika kwanza.

Mashindano ya namna hii yanaendelea kuongezeka. Tuzo za picha za wanyamapori wa Afrika zenye jina la Rais wa awamu ya tatu, hayati Benjamin Mkapa, zilizoanzishwa na taasisi ya African Wildlife Foundation baada ya kifo chake mwaka 2020, zimefungua mlango mwingine.

Kijana wa Mlowo anayetaka kujaribu hahitaji kuanza na kamera ya mamilioni. Anahitaji kuisoma mada mara mbili, kuyasoma masharti hadi mstari wa mwisho, kisha kutoka asubuhi na mapema kabla malori hayajajaza barabara. Kimondo kiko palepale. Safari hii, jina litakaloandikwa chini ya picha yake linaweza kuwa la mwenyeji.